Siku Tuliyomtunza Mwimbaji wa Chumba cha Pili

Usingizi wangu mimi hauchezewi. Nyumbani Magomeni walijua: ukiniamsha kabla sijataka, uwe umebeba habari ya msiba au kikombe cha chai ya maziwa, vinginevyo utanitambua. Sasa fikirieni mtu arudi asubuhi kutoka kazini, mgongo umekufa kwa kugeuza wazee wa watu vitandani, ajifunike blanketi na juu ya blanketi aweke kanga, halafu kwenye ukuta wa kichwani kwake kuanze: ti-ti-ti-tu, ti-ti-ti-tu, ti-ti-ti-tu. Kwanza nikasema ni bomba la maji. Nikasema tena ni panya, maana nyumba ile ya Lewisham ilikuwa nao, tena wazito. Lakini panya gani huyo anayeshika mapigo namna hiyo, asikosee hata mara moja mpaka adhuhuri? Nikajua huyu ni binadamu, na binadamu mwenyewe ana wazimu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vya kupanga, jiko moja, bafu moja, na mwenye nyumba ambaye hakuonekana hata dari livuje. Chumba cha kwanza kilikuwa changu. Cha pili alikuwa amehamia binti wa Kijapani, mwembamba, nywele kazikata kama kofia, ambaye akikukuta ngazini anakuinamia mpaka unageuka nyuma kuona mheshimiwa gani anapita. Nilikuwa namwitikia kwa kichwa na kwenda zangu. Sikujua kwamba huyo mpole ndiye mwenye ti-ti-ti-tu.

Siku moja damu ikanipanda. Nikatoka kitandani na kanga yangu kifuani, nikaenda jikoni, nikachukua mwiko wangu wa ugali, ule wa mninga niliotoka nao nyumbani, nikarudi nikauchapa ule ukuta. Ko! Ko-ko! Ko! "Wewe! Huko hakuna watu? Wenzio tunafanya kazi!" Nilisema kwa Kiswahili, maana hasira zangu hazijawahi kujifunza Kiingereza. Ukutani kukawa kimya. Nikasema nimeshinda. Ndiyo kwanza najilaza, mlango ukagongwa. Nafungua, ni yeye, kainama nywele zinakaribia magoti, na mkononi kashika maikrofoni yenye waya mrefu unaotokea chumbani kwake. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na changu pia, lakini tulielewana hivi: anaomba radhi, sana, sana, na je, naweza kupiga tena?

"Kupiga nini?"

"Ukuta. Na ule mti wako."

Jamani. Nimekwishatukanwa London, nimekwishasukumwa kwenye basi la asubuhi, lakini sijapata kuombwa nirudie hasira zangu. Nilimtazama kuanzia kucha za miguu mpaka utosini nikitafuta dharau, sikuiona. Niliona macho yanang'aa tu, kama ya mtoto aliyeletewa keki. Basi nikapiga. Ko! Ko-ko! Ko! Akafumba macho akasikiliza. "Tena," akasema, "lakini kwa hasira." Nikamwambia hasira zimeisha. Akafikiri kidogo, akanijulisha kwa adabu zote kwamba kesho ataanza mapema zaidi. Loh! Niliuchapa ukuta ule mpaka rangi ikabanduka.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye albamu ya kwanza ya mwimbaji wa Kijapani. Msicheke, ni kweli. Aliniita chumbani kwake nikasikilize, na mle ndani hapakuwa na mahali pa kuweka unyayo: vinanda vidogo, vinanda vikubwa, mashine zenye vitufe vya rangi, na nyaya zimetapakaa sakafuni kama tambi. Godoro alikuwa ameliegemeza ukutani ili lipishe kazi. Mashine moja ilikuwa imemeza ko-ko zangu. Akabonyeza kitufe, zikatoka zimenyooka, zimejipanga mstari, na chini yake kinanda kinarukaruka, na juu yake sauti yake mwenyewe, ambayo aliipitisha kwenye kifaa kingine mpaka ikawa si ya mtu tena, ni ya bati lililofundishwa adabu. Muziki huo wenyewe wanauita tekno-pop. Mimi nilikuwa nimezoea dansi lenye magitaa matatu na tarumbeta, na nilikuwa nimejiandaa kucheka. Badala yake bega la kushoto likaanza kutikisika peke yake. Nikalishika. Likaanza la kulia.

Nyimbo zake hazikuwa na mapenzi wala kuachwa. Alikuwa na wimbo wa lifti. Alikuwa na wimbo wa mashine ya kufulia iliyomaliza kufua ikawa inamsubiri mwenye nguo asiyekuja. Alikuwa na wimbo wa friji letu, lile la jikoni, lililokuwa likiguna kila linapojizima. Nikamuuliza, na huu wenye mwiko wangu, unasema nini? Akasema unahusu jirani. Nikauliza, jirani yupi? Akaziba mdomo kwa mkono akacheka, na mimi nikacheka, ukawa mwanzo wa usuhuba wetu.

Tuligombana kila siku, na ndiyo raha yenyewe. Wali ndio uliotugombanisha zaidi. Yeye alipika wali wa kushikana, akaufinyanga kwa mikono, akaufunga kama kitumbua. Nilimwambia, bibi wewe, kwetu ukipika bokoboko hili mbele ya mawifi unarudishwa kwenu siku hiyo hiyo. Naye akatazama pilau langu, punje moja huku, punje nyingine kule, akaniuliza kwa upole kama limeharibika. Limeharibika! Pilau langu! Sikusema naye mpaka jioni. Jioni nikasikia ti-ti-ti-tu ukutani, polepole, kama mtu anayebisha hodi, nikajikuta nimeshika mwiko na kumjibu.

Nikawa sina akili. Nawaambia ukweli, nilikuwa mtu mzima mwenye kazi, lakini wimbo ule wa jirani niliuimba wote kwa Kijapani bila kujua neno hata moja. Nikauimba kituoni nikisubiri basi, nikauimba nikitandika vitanda. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza pale nyumba ya wazee, mkali, hasemi na mtu, na yeye akashika lile ko-ko-ko akawa analigonga kwa kijiko mezani chai ikichelewa. Kila niliyekutana naye nilimwambia: mimi nimo kwenye albamu. "Albamu ya picha?" wananiuliza. "Ya muziki! Ya Kijapani!" Wananitazama vile unavyomtazama mtu anayehitaji kulala. Mimi hao nacheka tu.

Lakini jambo moja lilikuwa linamnyima raha mwenzangu, na akaniambia tukiosha vyombo. Baba yake alikuwa na duka la magodoro huko kwao, mji mdogo, na yeye ndiye mtoto pekee. Baba alimruhusu aje London mwaka mmoja atengeneze huo muziki wake. Mwaka ukiisha bila albamu kutoka, anarudi, anakaa dukani, na mambo ya vinanda yamekwisha. Na mwaka ulikuwa unakaribia kwisha. Kampuni moja ndogo ya muziki kutoka kwao ilikuwa imesikia kaseti yake, na sasa mzee wa kampuni hiyo alikuwa anapita London. Alitaka amwone akiimba mbele ya watu. Si nyimbo alizokuwa na shaka nazo, alitaka kuona watu wanafanya nini wakizisikia. Akipenda, albamu inatoka. Asipopenda, magodoro.

"Magodoro!" nikasema. "Kwani kwenu nzima hakuna mwingine wa kuuza magodoro?"

Hakucheka. Alikuwa amepata ukumbi, chumba cha juu cha baa moja si mbali na kwetu, Jumamosi saa nane mchana, kwa sababu saa nzuri walipewa wenye majina. Alikuwa amebandika matangazo kwenye nguzo, mvua ikayala. Watu hakuwa nao. London hii aliwajua wauza nyaya na mimi.

Mimi mdomo wangu hauna breki, na siku ile nilishukuru. Nikamwambia: "Watu? Unamuuliza Mtanzania habari ya watu? Shughuli ni watu, mwanangu, na watu nitakuletea mimi." Na niseme wazi kilichonisukuma, kwa sababu sikuwa malaika. Sikutaka aondoke. Nilishaizoea ile ti-ti-ti-tu. Niliona akilini kabisa: albamu inatoka, yeye anakuwa nyota hapa hapa London, anaendelea kukaa ng'ambo ya ukuta wangu, na mimi nawagongea mwiko wageni wake wakubwa. Akirudi kwao kuuza magodoro, nani nitagombana naye habari za wali?

Basi ndiyo nikaangalia kalenda. Jumamosi hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, tulikuwa na kitchen party Woolwich, ile shughuli ya wanawake ya kumfunda bibi harusi na kumpa vyombo.

Nilikuwa mjumbe wa kamati, tena mjumbe wa kelele. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja nesi wa miaka mingi, mtu mzima, kila mtu akimwita Mama Mwenyekiti, mwanamke ambaye akikutazama juu ya miwani unakumbuka madhambi yako yote. Nikamfuata. Nikampa shikamoo mbili. Nikamweleza mambo ya binti, baba, magodoro. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka kamati nzima iache shughuli ya mtoto wa watu, iende kumwangalia Mjapani?"

"Tukiwa njiani tu, mama. Nusu saa. Kadi imeandikwa saa nane."

"Si ndiyo saa ya huyo Mjapani wako?"

"Mama," nikamwambia, "kadi ya saa nane ni shughuli ya saa kumi na moja. Tangu lini bibi harusi wetu akatoka na jua?"

Alitaka kukasirika, akashindwa. Alijua ninasema kweli. "Nusu saa," akasema. "Na mtu yeyote akichafua sare nitamla nyama."

Sare yetu ilikuwa kitenge cha njano na zambarau, kilemba juu, na kilemba chenyewe cha kugusa mlango. Tulikuwa tumekodi basi dogo, na ndani ya basi zilikuwamo zawadi za jikoni za bibi harusi zote: masufuria yaliyofungwa utepe, kinu na mchi wake, vipawa vya kuchotea mchuzi, chungio, na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi ambacho Mama Mwenyekiti alikibeba mwenyewe kwenye ndege kutoka Dar. Mikobani tulikuwa na dola. Wenzetu wa nyumbani labda hawajui hili: noti ndogo ya Kiingereza ni kubwa mno kwa kutunzia, na sarafu haigandi usoni. Kwa hiyo wanawake wa London tulikuwa tunapitia duka la kubadilisha fedha kabla ya shughuli, tunanunua dola moja moja za Kimarekani, mpya, zinazonukia. Ukimbandika mtu hiyo unaonekana tajiri, na nyumbani watoto wanakula.

Basi likasimama mbele ya baa. Mama Mwenyekiti akachungulia dirishani.

"Hii si baa?"

"Ni juu ya baa, mama. Chini hatugusi."

"Hee! Mimi na kilemba changu, nipande juu ya baa mchana kweupe?" Lakini alikuwa ameshafungua mlango, na kibao cha mbuzi kwapani, kwa sababu hakumwamini dereva. Wengine nao wakabeba vya kwao. Tukapanda ngazi tukiwa tunagongana masufuria, tukawapita wanaume wawili waliokuwa wanakunywa bia, na mmoja akasogeza kiti chake kama anayepisha maandamano.

Mle juu palikuwa na vijana wachache wa Kizungu, wembamba, wamevaa nyeusi, mikono wamekunja kifuani, wanatazama viatu vyao. Nyuma kabisa, kwenye kiti cha mbao, alikaa mzee wa Kijapani mwenye suti, mikono juu ya magoti, uso hauna habari. Nikajua ndiye. Tukajaza chumba chote kwa njano na zambarau. Vijana wakakunjua mikono kidogo kwa kukosa nafasi.

Taa zikazimwa, ikabaki moja. Mwenzangu akatoka.

Sasa naomba mnielewe. Mimi nyimbo zake nilizijua zote, lakini yeye mwenyewe nilimjua kwa kandambili na sweta, akila bokoboko. Kuimba mbele ya watu sikuwahi kumwona. Akatoka na sketi ya plastiki ya rangi ya fedha, glavu nyeupe, mashavu kayapaka duara mbili nyekundu, akasimama katikati ya jukwaa. Akasimama tu. Muziki ukaanza, wimbo wa lifti, ule unaonirusha mimi mabega, na yeye hakutikisa hata unyusi. Mdomo unafunguka, sauti ya bati inatoka, macho yameganda mbele. Mkono mmoja ukapanda taratibu kama wa saa ya ukutani, ukashuka. Basi. Ukaja wimbo wa mashine ya kufulia, hivyo hivyo. Vijana wameganda, yeye kaganda, mzee kaganda.

"Maskini," nikamnong'oneza Mama Mwenyekiti, "kashikwa na woga. Kakauka!"

"Kakaukaje?"

"Si unamwona? Hawezi hata kujigusa. Na yule ndiye mzee mwenyewe. Anaona yote!"

Mama Mwenyekiti akasogeza miwani. Kazi ya unesi ilimfundisha kutambua mtu anayetaka kuanguka, na naona alitazama akakubaliana nami. "Anahitaji kupewa moyo," akasema. "Mtoto wa watu yuko peke yake pale. Hana hata wa kumpigia kigelegele."

Na hapo hapo, kama ilivyopangwa na shetani au malaika, ukaanza wimbo wa jirani. Ko! Ko-ko! Ko! Mwiko wangu! Mwiko wangu kwenye spika kubwa, unatikisa vioo! Jamani, nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Greenwich. Wenzangu wakanidaka, kikawa kigelegele kimoja kirefu, ayayayaya, vijana wa watu wakaruka. Mimi nikatoa dola, nikainua juu, nikatoka kwa mwendo wa pole, kiuno mbele, bega nyuma, vile tunavyotoka. "Mcheza kwao hutunzwa!" nikapaza sauti. Nikapanda jukwaani, nikamzunguka mwenzangu mara moja ili aone kwamba asiogope, nikambandika dola katikati ya paji la uso.

Hakutikisika. Dola imeganda pajini, yeye anaimba vile vile, macho mbele. Nikasema moyoni, huyu kazidiwa kabisa. Nikawageukia wenzangu: "Njooni!"

Wee! Walikuwa wanangoja hilo tu. Wakaja kwa mstari, wanakata mauno kwa ti-ti-ti-tu kana kwamba tekno-pop ilizaliwa Kariakoo. Mwenye kinu akakipiga mchi, tukapata na ngoma. Sufuria zikagongwa. Dola zikamganda mashavuni, kidevuni, moja kwenye glavu, moja ikaning'inia sikioni. Mama Mwenyekiti mwenyewe, mtu mzima yule, akaja wa mwisho, kibao cha mbuzi kichwani bila kukishika, akacheza mbele yake kwa heshima zote, akainama akakiweka miguuni pake. Kibao cha bibi harusi! Nikataka kumkumbusha, nikaona anatiririka jasho na anacheka meno yote nje, nikaendelea kucheza. Mmoja wa wale vijana weusi wa nguo, mwenye pete ya puani, alikuwa ameingia kwenye mstari na kubeba chungio. Hakujua anakwenda wapi, lakini anakwenda.

Ndipo nikaona mdomo wa mwenzangu unatetemeka. Nikasema sasa analia, tumemwua. Dola ya pajini ikaanza kuteleza kwa jasho, ikashuka puani, ikatulia pale. Akaitazama kwa macho ya makengeza. Na akapasuka. Alicheka, tena alicheka ndani ya maikrofoni, na kile kifaa chake kikachukua kicheko kikakigeuza bati, na spika zote zikacheka ha, ha, ha, ha kwa sauti ya mashine, juu ya mwiko wangu, juu ya kinu, juu ya vigelegele. Kadiri anavyocheka ndivyo spika zinavyocheka, na kadiri spika zinavyocheka ndivyo anavyozidi. Akakaa chini. Alikalia mbuzi. Wimbo ukaisha naye amekalia mbuzi, amejaa dola, hana pumzi, na chumba kizima kinapiga makofi.

Nilimkimbilia. "Pole, pole, woga umeisha?"

"Woga gani?" akasema akifuta macho. "Dada, ndivyo ninavyoimba. Nasimama kama mwanasesere. Nimefanya mazoezi miezi mbele ya kioo nisitikisike."

Miezi! Mbele ya kioo! Na sisi tumempandia na vinu. Nikageuka kumtafuta yule mzee wa Kijapani, nikamwona anakuja moja kwa moja kwetu, suti imenyooka, uso hauna habari vile vile. Nikajiambia, magodoro. Magodoro tayari, na aliyempeleka kwenye magodoro ni mimi na mdomo wangu. Nikajipanga mbele yake nianze kuomba radhi kwa lugha zote ninazozijua. Akaniwahi. Akasema na binti kwa Kijapani, maneno machache. Mwenzangu akashika mashavu yake yenye dola.

"Albamu inatoka," akaniambia. "Anasema mashine zilikuwa zinarekodi. Anataka kicheko. Anataka na sauti zenu. Anasema kwa miaka mingi hajaona watu wanausogelea muziki huu, siku zote wanasimama mbali nao."

Siwezi kuwaeleza kelele zilizofuata. Mwenye baa alipanda juu kuangalia kama sakafu ipo. Nilimbeba mwenzangu, kwa kweli nilimbeba, mwepesi kama mzigo wa nguo kavu, nikazunguka naye, nikimwambia utaona, utaona, tutanunua friji jipya na utaliimbia, na wageni wako nitawapikia mimi, usithubutu kuwapa lile bokoboko.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Dada, inatoka kule kwetu. Natakiwa kule. Ndege ni Jumanne."

Yule mzee alikuwa bado amesimama, anangoja jambo. Akauliza kwa Kiingereza, polepole, ili wote tusikie: baba wa binti huyu hataki kupokea simu ya kampuni, na yeye mzee hapendi kumchukua mtoto wa watu kama mwizi. Hapa London, familia yake ni nani?

Mwenzangu hakufikiri hata kidogo. Akaninyooshea mkono.

"Si yeye peke yake, ni sisi!" Mama Mwenyekiti akadakia, na wanawake wote wakasogea na vilemba vyao, wakamzunguka mzee kama vile wanavyomzunguka mshenga aliyefika bila kubisha hodi. "Mwambie kwamba mtoto wetu haondoki hivi hivi. Atakaa na nani? Baridi ya huko ikoje? Nani atamkumbusha kula, maana akishika vinanda hali?" Mimi nikawa natafsiri. Mzee akajibu kila swali, moja baada ya lingine, bila kucheka, na kila akijibu anainama: atakaa kwa mkewe, baridi ipo, atakula mezani pamoja nao. Wenzangu wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa kwamba anafaa. Halafu akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyenyooshewa mkono, akauliza kama nimeridhia.

Nilikuwa nimejaza chumba kile ili abaki ng'ambo ya ukuta wangu. Nilimtazama. Dola moja bado ilikuwa imemganda kidevuni. Hakuwa anacheka tena, alikuwa ananitazama mimi anangoja jibu, kweli anangoja, na niliona wazi kwamba nikisema hapana atavua zile glavu, atapanda basi letu, atakwenda nasi Woolwich na kesho atarudi nyumbani kupika wali.

"Mchukueni," nikasema. "Ila mfike naye salama."

Kigelegele kilichopigwa hapo sikukipiga mimi. Nilikwenda nyuma ya spika, mahali penye nyaya, nikajiinamia nikalia mpaka kilemba kikafunguka. Mama Mwenyekiti akanifuata. Hakunibembeleza. Alinifunga kilemba upya, akakaza fundo, akanipa leso.

"Haya, mama wa bibi harusi," akasema, "futa machozi twende. Woolwich kuna mwingine anatusubiri."